Uwiano Uliokua Wenyewe: Uchambuzi wa Jaribio la Kuziba Njia ya Hewa ya Kijusi

Mnamo Novemba 2003 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kuhusu watoto waliotibiwa kabla ya kuzaliwa. Walishiriki wajawazito 24, kila mmoja akiwa na mtoto mwenye ngiri ya kiwambo, yaani tundu kwenye kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, upande wa kushoto, ini nalo likiwa limepanda kifuani. Kwa kura, 11 walipangiwa kuzibwa kwa njia ya hewa ya mtoto angali tumboni, na 13 walipangiwa kusubiri hadi kujifungua, mtoto ahudumiwe kwa utaratibu wa kawaida. Siku 90 baada ya kuzaliwa, watoto 8 kati ya 11 walikuwa hai, yaani asilimia 73. Katika kundi la pili walikuwa hai 10 kati ya 13, yaani asilimia 77. Jaribio likasimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyokusudiwa, na wengi waliosoma matokeo yale walitoka na neno moja: kuziba njia ya hewa ya kijusi hakuna faida.

Miaka 18 baadaye, mwaka 2021, jarida lilelile lilichapisha matokeo ya jaribio jingine la tiba iliyojengwa juu ya wazo hilohilo, na safari hii waliosalimika waliongezeka kutoka asilimia 15 hadi asilimia 40. Ni rahisi kusema kwamba vifaa viliboreka, na ni kweli viliboreka. Lakini mimi nashikilia kwamba sababu kubwa zaidi iko kwenye kipimo. Jaribio la kwanza liliwachagua watoto kwa uwiano wa ukubwa wa pafu na wa kichwa ambao, kwa namna ulivyoundwa, hupanda wenyewe kadiri mimba inavyokua, na mpaka wake uliwekwa juu kiasi cha kuwaingiza watoto ambao wengi wao wangeishi hata bila kuguswa. Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa taratibu, kwa kuwa kosa lililomo ni dogo kwa hesabu na zito kwa matokeo.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo hukamilika mapema katika mimba. Kikibaki na tundu, matumbo, mfuko wa chakula na wakati mwingine ini hupanda kifuani na kukaa mahali ambapo mapafu yalipaswa kutanukia. Hutokea kwa takriban mtoto mmoja katika kila 2,500 hadi 3,000 wanaozaliwa, na mara nyingi huwa upande wa kushoto. Tundu lenyewe daktari wa upasuaji hulishona, na kwa kawaida si hilo linaloua. Kinachoua ni pafu lililodumaa: matawi ya njia ya hewa ni machache kuliko yanavyopaswa kuwa, vifuko vya hewa ni haba, na mishipa ya damu ni michache na yenye kuta nene, hivyo shinikizo la damu ndani ya mapafu hukataa kushuka mtoto anapovuta pumzi ya kwanza. Matawi makubwa hadi madogo ya njia ya hewa hukamilika kugawanyika karibu na wiki ya 16 au 17. Yaliyokosa kuota kufikia hapo hayaoti tena. Kwa hiyo tiba yoyote inayokuja baadaye haiongezi matawi, ila inaweza kukuza kile kinachoota kwenye ncha za matawi yaliyopo.

Wazo la kuziba lilitokana na jambo ambalo maumbile yenyewe huonyesha. Mapafu ya kijusi hayana hewa. Yamejaa majimaji yanayotengenezwa na mapafu yenyewe, yakipanda kupitia trakea, yaani bomba kuu la hewa, na koromeo hadi kumwagika kwenye maji ya uzazi au kumezwa. Kijusi ambacho koromeo lake halikufunguka huonekana kwenye altrasaundi kikiwa na mapafu makubwa kupita kiasi, meupe, yaliyosukuma kiwambo chini hadi kikabinuka. Watafiti walipofunga trakea ya vijusi vya kondoo, mapafu yalivimba na kukua. Walipoyamwaga majimaji, mapafu yalidumaa. Katika miaka ya 1990 kundi la Michael Harrison huko San Francisco, ambalo lilikuwa limeshajaribu kushona kiwambo cha kijusi kwa kufungua mji wa mimba na kukwama kila ini lilipokuwa limepanda kifuani, liligeukia njia hii: ziba trakea, yaache majimaji yajikusanye, yalisukume pafu kutoka ndani. Majaribio ya awali kwa binadamu yalitumia kizibo cha sponji na baadaye klipu iliyobanwa kwa nje shingoni. Klipu ilidai kuipasua shingo ya kijusi, na mishipa ya fahamu inayoendesha nyuzi za sauti ikaumia. Ndipo puto likaja, likiingizwa kwa kamera kupitia mdomo wa kijusi.

Sasa nani azibwe? Hapo ndipo kipimo kinapoingia, na hapa naomba msomaji aketi nami mbele ya skrini.

Mpimaji hutafuta mkato wa kifua unaoonyesha vyumba vinne vya moyo. Katika ngiri ya kushoto moyo umesukumwa kulia, na pembeni yake, mahali ambapo pafu la kushoto lilipaswa kuwa, unaonekana mfuko wa chakula kama dimbwi jeusi. Pafu linalopimwa ni lile la kulia, lililobanwa nyuma ya moyo, kwa sababu la kushoto mara nyingi halionekani kabisa. Kuna mitego miwili hapa. Ini na pafu hufanana rangi kwenye altrasaundi, hivyo anayeharakisha anaweza kuhesabu kipande cha ini kuwa pafu. Dawa yake ni kuwasha Dopla, inayoonyesha damu ikitiririka, na kufuata mishipa ya ini inakoelekea. Mtego wa pili ni kivuli cha ubavu, ambacho hukata ukingo wa pafu na kumfanya mpimaji aukisie. Mpimaji anaweza kuzungusha mstari kwa mkono kuufuata ukingo wote wa pafu, au akapima kipenyo kirefu zaidi na kile kinachokikata kwa pembe mraba, kisha akazidisha. Njia ya vipenyo hutoa eneo kubwa kuliko hali halisi, kwa kuwa pafu si mstatili. Eneo hilo, kwa milimita za mraba, hugawanywa kwa mzingo wa kichwa kwa milimita. Jibu ndilo uwiano wa pafu na kichwa.

Tuchukue mfano wa kufikirika: vipenyo vya milimita 20 na 12, mzingo wa kichwa milimita 240. Eneo ni 240, uwiano ni 1.0. Sasa kivuli cha ubavu kikimfanya mpimaji asome 10 badala ya 12, eneo linakuwa 200 na uwiano 0.83. Milimita mbili, upana wa punje ya mchele, zinatosha kumvusha mtoto kutoka kundi moja hadi jingine. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimewaona watu wanaoandika uwiano huu kwa tarakimu mbili baada ya nukta bila kutaja walitumia mkato upi, njia ipi ya kupima, wala wiki ya mimba.

Kundi la San Francisco ndilo lililoanzisha uwiano huo, na taarifa yao ya mwaka 1996 ilikuwa na mvuto mkubwa: chini ya 0.6 hakuna aliyesalimika, juu ya 1.35 wote walisalimika, na katikati ya hapo zaidi kidogo ya nusu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2003 liliweka sharti kwamba uwiano uwe chini ya 1.4. Ukiziweka taarifa hizo mbili mezani kwa pamoja, unaona mara moja kwamba mlango ulifunguliwa hadi mwisho. Kwa takwimu zao wenyewe, mtoto mwenye 1.3 yuko ukingoni mwa usalama, naye aliweza kuingia kwenye jaribio sawa na mwenye 0.8.

Kuna kasoro iliyojificha zaidi. Kichwa kimepimwa kwa urefu, yaani mzingo. Pafu limepimwa kwa eneo. Vitu hivi viwili havikui kwa mwendo mmoja hata kama kiungo kimoja hakikizidi kingine. Anayesukuma chapati anajua: akiongeza mzingo wa chapati mara mbili, eneo lake huongezeka mara nne. Mzingo ukiongezeka mara nne, eneo huongezeka mara 16. Kijusi kinachokua sawasawa, kisicho na ugonjwa wowote, kitaonyesha uwiano unaopanda wiki hadi wiki, kwa sababu tu tumegawanya eneo kwa urefu. Vipimo vya watoto wazima wa afya, vilivyofanywa baadaye na kundi la London, vilithibitisha jambo hilo kwa takwimu. Maana yake ni kwamba 1.0 katika wiki ya 23 na 1.0 katika wiki ya 31 ni watoto wawili wenye hali tofauti kabisa, wa pili akiwa mgonjwa zaidi, ilhali namba kwenye karatasi ni ileile.

Suluhisho lilikuja mwaka 2007, kazi iliyoongozwa na Jacques Jani na wenzake wa Ulaya: gawanya uwiano uliouona kwa uwiano unaotarajiwa kwa mtoto mwenye afya wa wiki hiyohiyo, kisha useme kwa asilimia. Wiki ya mimba inaondoka kwenye hesabu. Chini ya asilimia 25 ni hali kali. Kuanzia 25 hadi chini ya 35 ni ya wastani, na wanaingizwa humo pia wenye 35 hadi chini ya 45 ikiwa ini limepanda. Sasa rudi nyuma na kipimo hiki mkononi. Uwiano wa 1.4 kwa mimba ya kati ya wiki 22 na 27, umri wa waliopokelewa San Francisco, ni zaidi ya theluthi moja ya matarajio, kwa njia yoyote ya kupima utakayochagua. Mpaka wa juu wa jaribio lile uliangukia mbali na wale ambao leo tungewaita wagonjwa mahututi. Wasimamizi walilisimamisha kwa sababu watoto wa kundi la kusubiri waliishi kuliko ilivyotazamiwa. Ndivyo inavyokuwa ukiwapangia kusubiri watoto ambao pafu lao lilikuwa linatosha.

Nisiwe mkali kupita haki. Jaribio lile lilifanywa kwa uaminifu, lilipangwa kwa kura wakati wengi waliridhika kuhesabu visa vyao, na waandishi wake wenyewe waliripoti kwamba uwiano ulipokuwa mdogo vifo viliongezeka katika makundi yote mawili. Walikuwa na ushahidi wa kasoro mkononi, na waliuweka hadharani. Tena kipimo hakibebi lawama yote. Watoto waliozibwa walizaliwa wakiwa na wastani wa wiki 30.8, wenzao wiki 37.0. Huko San Francisco tumbo la mama lilikatwa, na kamera ikapita kwenye mrija mnene. Chupa ya uzazi ilipasuka mapema mara nyingi. Puto au klipu ilibaki hadi siku ya kuzaliwa, ikitolewa kwa upasuaji ambamo mtoto hutolewa nusu huku kondo la nyuma likiendelea kumlisha oksijeni. Kwa hiyo faida yoyote ya pafu lililokua ililiwa na unjiti. Hata hivyo, mtoto asiyehitaji tiba hubeba madhara yake yote bila kupata faida yake hata chembe, na hilo ndilo hasa mpaka wa 1.4 ulilolifanya.

Madaktari wa Leuven nchini Ubelgiji, London na Barcelona walichukua njia nyingine. Jan Deprest, Kypros Nicolaides na wenzao walipunguza mrija hadi milimita 3 na ushei, wakapita kwenye ngozi ya mama bila kumpasua, na waliwachagua wagonjwa zaidi, kwanza kwa uwiano ulio chini ya 1.0, baadaye kwa asilimia ya matarajio. Kijusi hutulizwa kwa dawa. Kamera huingia kwenye mji wa mimba na kutafuta mdomo, hupita juu ya ulimi, hukutana na kidakatonge, hupenya kati ya nyuzi za sauti, na hapo pete za trakea huonekana zikipangana moja baada ya nyingine hadi panapogawanyika njia mbili za mapafu. Puto huachwa kati ya nyuzi za sauti na mgawanyiko huo, likajazwa takriban nusu mililita na kidogo ya maji. Katika wiki ya 34 hutolewa au kutobolewa, kwa sababu utafiti wa kondoo ulionyesha kwamba pafu lililozibwa muda wote hukua lakini hupungukiwa seli zinazotengeneza ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigande. Ukiliachilia siku chache kabla ya kuzaliwa, seli hizo hurejea.

Hapa anatomia ya njia ya hewa yenyewe hudai kupimwa. Trakea ya kijusi cha wiki 28 ina upana wa ndani wa milimita 3 hivi. Puto lililojazwa hufikia kipenyo cha milimita 7. Puto halikai humo kama kizibo cha chupa. Hutanua ukuta, na ukuta wa trakea ya kijusi ni laini kiasi cha kukubali. Wataalamu wa anatomia wa Bydgoszcz, Poland, waliowahi kupima trakea za vijusi 73 vya wiki 14 hadi 25, hawakuona tofauti kati ya wa kiume na wa kike, jambo linalorahisisha kazi kwa kuwa jedwali moja linatosha. Picha za eksirei za watoto waliowahi kuwekewa puto zilionyesha trakea iliyopanuka kuliko ya wenzao. Wengi hawakusumbuka sana nayo, isipokuwa kikohozi kizito kama mbweko wanapojitahidi. Kuhusu hili naona takwimu bado zinahitaji kufuatwa hadi watoto hao wakue, maana njia ya hewa iliyopanuka utotoni ndiyo atakayopumulia mtu mzima.

Mwaka 2021 yakaja matokeo ya majaribio mawili ya puto hilo, yaliyopewa jina la TOTAL, moja la hali kali na jingine la hali ya wastani. La hali kali lilikuwa na wanawake 80, puto likiwekwa kati ya wiki 27 na mwisho wa wiki ya 29. Waliotoka hospitali wakiwa hai ni 16 kati ya 40 kwa waliowekewa puto, na 6 kati ya 40 kwa waliosubiri. Nalo lilisimamishwa mapema, safari hii kwa sababu faida ilikuwa wazi. Gharama nayo ilikuwa wazi: chupa ilipasuka kabla ya wakati kwa asilimia 47 dhidi ya 11, na waliozaliwa njiti ni asilimia 75 dhidi ya 29. Mtoto mmoja alifariki baada ya kondo kuchanika wakati puto linatolewa, na mwingine kwa sababu puto lilishindikana kutolewa. Ndiyo maana mama mwenye puto huombwa kuishi jirani na kituo chenye watu wanaoweza kulitoa usiku wa manane. Puto lililobaki kwenye koo la mtoto aliyekwisha kuzaliwa ni kifo cha dakika chache.

Jaribio la hali ya wastani lilikuwa na wanawake 196. Puto liliwekwa baadaye, kati ya wiki 30 na mwisho wa wiki ya 31, ili kupunguza unjiti. Waliosalimika walikuwa asilimia 63 dhidi ya 50, tofauti isiyotosha kitakwimu kuondoa shaka ya bahati. Wengi walisoma hivi: puto hufaa kwa hali kali, halifai kwa ya wastani. Mimi sikubaliani na usomaji huo, na sababu yangu ni ileile niliyoileta kwa jaribio la 2003. Majaribio haya mawili yanatofautiana kwa mambo mawili kwa wakati mmoja, ukali wa ugonjwa na wiki ya kuweka puto, na ukizisoma namba hizo mbili kando kando huwezi kujua ni lipi lililoleta tofauti. Takwimu zilipounganishwa na kuchambuliwa upya mwaka 2022, faida haikuonekana kutegemea asilimia ya pafu. Uwezekano mkubwa zaidi ulikuwa kwamba tofauti ilitokana na muda, yaani kuweka mapema kunasaidia zaidi na pia kunaleta njiti zaidi. Kipimo cha pafu kilikuwa kimerekebishwa, wiki ya mimba ikarudi kwa mlango mwingine.

Kwa daktari aliyeko mahali ambapo puto halipatikani, na hiyo ndiyo hali ya hospitali nyingi tunazozijua wasomaji wa lugha hii, uwiano hubaki na kazi. Mfuko wa chakula ulioonekana kando ya moyo katika wiki ya 20 hubadilisha mahali pa kujifungulia. Wahudumu hujiandaa kuweka mrija wa kupumulia mara moja badala ya kumpulizia mtoto kwa barakoa na mfuko, kwa kuwa hewa ya barakoa huingia pia kwenye matumbo yaliyoko kifuani na kulibana zaidi pafu lililobaki. Mrija wa pili hupitishwa puani hadi mfuko wa chakula kuutoa upepo. Hayo hayahitaji kamera ya milimita 3.

Na kwa mama aliye kwenye wiki ya 26, mwenye mtoto wa asilimia 30, ini likiwa juu, anayeweza kusafirishwa hadi kituo chenye puto, mazungumzo ya haki yana pande mbili. Aambiwe kwamba nusu ya watoto wa kundi lake katika jaribio lile waliishi bila puto. Aambiwe pia kwamba asilimia ile ya 30 imetokana na mstari uliozungushwa na mkono wa mtu, na kwamba kabla ya kuamua lolote mstari huo utazungushwa tena, siku nyingine, na mpimaji mwingine.